Niliulizwa Timu Gani Mitundu

Iguguno

Usiku wa kuamkia safari sikulala. Nilikuwa nikijiuliza kama mtu anaweza kumdanganya baba mkwe wake katika sentensi ya kwanza kabisa, halafu akaishi naye kwa heshima miaka yote iliyobaki.

Baadhi yenu mnajua mwanzo wake. Mwalimu Neema alihamishiwa shule ya hapa Iguguno akitokea kwao Mitundu, mwisho mwingine kabisa wa mkoa wetu. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na kurudi nyumbani kusubiri kazi. Kazi hazikuwa zinakuja, maana mashirika tuliyosomea kuajiriwa yalikuwa yanauzwa moja baada ya jingine. Tukapendana. Mjomba akaenda Mitundu kupeleka posa. Alirudi na dumu la asali na jibu ambalo halikuwa ndiyo wala hapana. Mzee Ntandu, baba yake Neema, alimwambia: "Kijana aje mwenyewe. Nina swali moja tu la kumwuliza."

Neema alinicheka nilipomwuliza swali hilo ni lipi.

"Atakuuliza wewe timu gani. Kila mgeni anamwuliza hivyo."

"Na yeye timu gani?"

"Nyekundu. Baba ndiye mwenyekiti wa tawi. Wewe sema Nyekundu, yaishe."

Timu zenyewe ni zile mbili za Dar es Salaam. Nitaziita kwa rangi tu, Nyekundu na Kijani. Shida yangu ni kwamba sikuwa wa Nyekundu wala wa Kijani. Timu yangu ni Upepo ya Singida mjini, ambayo nilianza kuitazama nikiwa sekondari, vumbi likinijaa machoni. Upepo hucheza ligi ya mkoa. Haijawahi kutajwa redioni hata mara moja, na magazetini niliiona siku moja tu, chini ya tangazo la dawa ya mchwa, jina likiwa limekosewa. Nilipokuwa chuoni, nikisema Upepo watu walidhani nakwepa swali.

Neema alitangulia nyumbani kwa likizo. Mimi nikabaki nafikiri. Nikisema Nyekundu, je, mzee akiniuliza golikipa wa akiba ni nani? Nikakusanya kila gazeti la michezo nililoweza kuliazima, nikasoma kama mtu anayesubiri mtihani. Nilikariri majina, namba za jezi, nani alifunga lini na kwa mguu upi. Kadiri nilivyojua mengi ndivyo nilivyozidi kuogopa, kwa sababu sasa nilikuwa na mambo mengi zaidi ya kukosea.

Issuna

Basi letu kutoka Singida mjini liliharibikia Issuna. Dereva alisema ni kitu kidogo. Fundi alipokuja akalala chini ya gari, akatoka, akaomba maji ya kunywa, akalala tena. Tukajua si kitu kidogo.

Abiria tulihamia kwenye baraza ya duka moja lenye redio kubwa kuliko mzani wake. Mwenye duka, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alituletea kahawa na karanga. Aliponifikia mimi akauliza, kama mtu anayeuliza umetoka wapi:

"Na wewe kijana, timu gani?"

Nikaona hapa ni pazuri pa kujaribu ukweli, kwa kuwa sikuwa naoa Issuna.

"Upepo," nikasema.

Akafikiri. Akamgeukia mzee aliyekuwa akibangua karanga. "Upepo hiyo ni ya nchi gani?"

"Itakuwa ya Ulaya," mzee akajibu. "Hawa wasomi siku hizi wanafuata za Ulaya."

"Ni ya Singida," nikasema. "Hapo mjini tu."

"Singida kuna timu?" Mwenye duka alishangaa kwa dhati. Mji tuliokuwa tukiuzungumzia basi lilikuwa limeuacha asubuhi ile ile. Halafu akanitajia, bila kusita, kikosi kizima cha timu moja ya Uingereza, pamoja na mchezaji aliyevunjika mguu na daktari aliyemtibu. Wakati huo stesheni mpya za redio zilikuwa zimeanza kufika huku kwetu, usiku zikisikika na mchana zikipotea, na yeye alikuwa akizisikiliza zote.

Issuna, kwa habari yenu, ni Kijani karibu wote. Niliuliza kwa nini. Mzee wa karanga akaonyesha kidole kwenye redio.

"Sote tulijifunzia mpira hapa. Kijani ikicheza, huyu bwana anafungulia mpaka ng'ombe wanasikia. Nyekundu ikicheza, mawe ya betri yanakuwa yameisha."

"Yanakuwa yameisha kweli," mwenye duka akasema.

"Kila mara?"

"Mawe ya siku hizi hayana nguvu. Toka waruhusu kila mtu kuagiza vitu, yanaletwa ya ajabu ajabu."

Watu wote barazani walicheka isipokuwa yeye. Nami nikacheka, kisha nikaanza kupiga hesabu moyoni. Kama ningezaliwa Issuna ningekuwa Kijani, na ningeapa kwamba nimeichagua mwenyewe. Upepo je, niliichagua, au ilikuwa tu karibu na bweni letu? Wazo hilo lilinisumbua mpaka fundi alipotoka chini ya gari akitabasamu.

Itigi

Tulifika Itigi tumechelewa, na lori la Mitundu lilikuwa limeondoka. Nilikaa pale siku nzima nikisubiri jingine. Chakula nilikula kwa Mama Sikitu, mwanamke mwenye mikono ya haraka anayekaanga samaki na kupika chapati karibu na stesheni ya reli. Samaki wake anawafunga kwenye kurasa za magazeti ya michezo yanayofika kwa treni. Wakala wa pale huleta gazeti moja tu, lile linalopenda kuiweka Nyekundu ukurasa wa mbele, kwa sababu asemavyo ndilo linaloisha haraka. Yakizeeka, Mama Sikitu huyanunua kwa kilo.

Nilipomaliza samaki nilianza kusoma karatasi. Ni tabia yangu mbaya.

"Usihangaike," Mama Sikitu akasema. "Ukurasa huo mwisho wake amekula nao mtu mwingine. Mimi ninakuambia. Yule mshambuliaji wao anarudi Jumamosi, goti limepona."

Niliutazama ukurasa tena. Mshambuliaji huyo alikuwa ameacha mpira zamani, nilikuwa nimesoma habari za kuagwa kwake.

"Mama, huyu alistaafu."

"Amestaafu wapi? Si huyo hapo anakimbia?" Akaipiga picha kwa mwiko. "Wanaume mnapenda kuua watu."

Jirani yake anayeuza machungwa akaingilia. "Mwache Mama Sikitu. Kwake ligi ya mwaka juzi bado inachezwa."

"Na tunaongoza," Mama Sikitu akasema, akanigeukia. "Wewe timu gani?"

Nikaona ni wakati wa kujaribu uongo. "Nyekundu."

Basi ikawa kama nimesema mimi ni mtoto wa dada yake. Nilipewa kipande kingine cha samaki, kigoda chenye mgongo, na nafasi ya kuhifadhi begi langu chini ya meza ya unga. Nilikula kwa aibu kubwa. Samaki wa uongo ana ladha ile ile ya samaki wa kweli, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi.

Barabara ya Mitundu

Lori nililopata alfajiri ya kesho yake lilikuwa limebeba saruji na mabati, na juu yake sisi. Barabara inapita katika vichaka vya Itigi, vilivyosongamana kiasi kwamba mtu akishuka kujisaidia hasogei mbali. Tulikwama mara mbili kwenye mchanga, na kila tulipokwama dereva alitukumbusha kwamba nauli haijumuishi kusukuma, kisha akatuomba tusukume.

Niliyekaa naye alikuwa mzee mmoja mwembamba, Bwana Sungi, aliyevaa koti lililofungwa kwa pini. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea gunia tupu nikalie. Mgongo ulikuwa ukimsumbua. Kila lori liliporuka alifumba macho.

"Unatoka hospitali, baba?"

"Nilikuwa nimelazwa kwa ajili ya mgongo huu. Daktari aliniambia nipumzike. Leo nikaletewa habari, nikaaga. Naenda kuchimba."

"Kuchimba na mgongo huo? Hakuna vijana wa kuchimba?"

"Vijana wapo wengi mno. Ila hawaruhusiwi."

Nilidhani anachimba visima. Nikamweleza kwa urefu, kama mjinga niliyesoma, kuhusu miradi ya visima na pampu za mkono. Alinisikiliza kwa subira yote.

"Wewe timu gani?" akauliza nilipomaliza.

"Nyekundu," nikasema. Mara hii lilitoka bila kukwama.

"Basi wewe utakaa mkekani," akasema kwa huzuni kidogo. "Nyote mnakaa mkekani."

Sikuelewa. Nilichukulia kwamba ni maumivu yanamsemesha, nikamshika bega lori lilipoingia shimoni.

Mitundu

Lori lilisimama mbali na kituo chake kwa sababu njia ilikuwa imejaa watu. Kulikuwa na msiba. Alikuwa amefariki Mzee Yohana, fundi baiskeli, ambaye pia alikuwa mpiga ngoma wa tawi la Nyekundu. Neema alinipokea akiwa amejifunga kanga mbili, mikono ina unga.

"Umekuja siku mbaya," akasema. "Au nzuri. Sijui. Baba yuko kule."

Kabla sijauliza lolote niliona jambo lililonifanya niangushe begi. Bwana Sungi, mwenzangu wa lori, alikuwa amesimama mbele ya wafiwa na jembe begani, akimsema marehemu.

"Yohana alikuwa mwongo," alisema kwa sauti. "Baiskeli yangu aliitengeneza mara nne na bado ikawa inakwenda upande. Leo amelala ili nisimdai. Mnaona ujanja wa watu wa Nyekundu?"

Nilisubiri apigwe. Badala yake wafiwa walicheka. Walicheka huku wakifuta machozi, na kijana mmoja wa marehemu akamjibu: "Na wewe Sungi, mgongo umeuma toka Kijani ifungwe. Si ugonjwa huo, ni aibu." Wakacheka tena.

"Neema," nikanong'ona, "mbona wanamtukana?"

"Si watani?" Alinitazama kama nimeuliza kwa nini mvua inalowesha.

Aliyenieleza vizuri ni Mzee Ntandu mwenyewe. Nilimwamkia. Ni mtu mrefu mwenye macho ya taratibu. Alinikalisha pembeni, akanipa uji wa uwele uliotiwa asali, akasubiri ninywe.

"Hapa kwetu watu tumekuja kutoka kila mahali," akasema. "Wakimbu walitangulia, tukaja Wanyaturu, wakaja Wasukuma, Wagogo, na wengine. Kila mmoja alikuwa na watani wake, lakini aliwaacha kwao. Mtu akifa, nani anakuja kuchimba kaburi na kutuchekesha? Tulikuwa tunazika kimya kama wezi. Sasa redio ikawa kila siku inasema hizi timu mbili ni watani wa jadi. Watani wa jadi, watani wa jadi. Tukasema, basi watani si hawa hapa? Akifa wa Nyekundu, Kijani wanachimba na kutania. Akifa wa Kijani, tunachimba sisi. Kwenye harusi, hao hao ndio wanaoleta kuni na maji na kumcheka bwana harusi. Hakuna aliyepanga. Ilianza tu."

Nilipata kama kizunguzungu. Mtangazaji fulani, katika chumba fulani Dar es Salaam, alitafuta neno la kunogesha mechi. Huku kwenye vichaka vya Itigi watu wakalichukua, wakajengea undugu.

"Ila limetuharibikia kidogo," mzee akaendelea. "Gazeti linalotufikia ni la Nyekundu. Mikanda inayoonyeshwa kwenye banda la video ni ya Nyekundu, mwenye banda haleti mingine. Kwa hiyo kila kijana anayekua hapa anakua Nyekundu. Hata wanaoijua Kijani wanaijua kwa kufungwa tu, maana ndiyo mechi anazoleta. Kijani wamebaki wale wanne."

Nikatazama alikoonyesha. Chini ya jua kali, Bwana Sungi na wazee wenzake watatu walikuwa wakichimba. Mmoja alikuwa akichimba na mwingine akimshikilia kiuno asidondoke. Kuzunguka, kwenye mikeka, walikaa vijana wa Nyekundu, mabega mapana, mikono imekunjwa, wakiwatazama kwa huruma ambayo haikuwa na ruhusa ya kunyanyuka.

"Akifa wa Kijani kaburi linakamilika kabla chai haijachemka," Mzee Ntandu akasema. "Akifa wetu, tunasubiri mpaka jioni. Mara mbili nimewaambia vijana wabadili timu. Wananiambia, mwenyekiti, kwa nini usibadili wewe?"

Aliweka kikombe chini.

"Sasa Elia, mwanangu. Swali langu kwa kila anayekuja kukaa na sisi, hata kwa siku moja, ni hili. Wewe timu gani? Nataka kujua nikuweke wapi."

Hivyo ndivyo lilivyokuwa swali lililonikosesha usingizi. Majina niliyokariri yote yalikuwepo kichwani, golikipa wa akiba pamoja naye, na hakuna aliyeyataka.

"Mzee," nikasema, "ukweli ni kwamba mimi ni wa Upepo. Ni timu ya Singida mjini."

Alifikiria kwa heshima. "Sijaisikia. Ni timu nzuri?"

"Inafungwa sana."

"Hilo si neno. Lakini Upepo haina watu hapa. Ukifa leo Mitundu, nani atakuchimbia? Nani atakucheka?" Aliuliza kama anavyouliza mtu anayetaka kujua kama una blanketi la kutosha. Nikaelewa kwamba kwake mtu asiye na timu hakuwa mtu mwenye msimamo wake. Alikuwa mtu asiye na wa kumzika.

Nilijua jibu lililotegemewa. Mkeka ulikuwa pale, na pembeni ya Mzee Ntandu palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, nadhani aliiacha kwa makusudi. Kukaa pale kungekuwa karibu sawa na kukubaliwa. Nikaanza kupima, kama kawaida yangu. Nikikaa, nimepata mke kwa uongo uliofanana kabisa na ukweli. Nikikataa, nimemkataa mwenyekiti mbele ya tawi lake lote. Halafu nikamwona Bwana Sungi akijinyoosha ndani ya shimo, mkono mmoja mgongoni, macho yamefumba kama kule kwenye lori. Nikaacha kupima.

"Mimi ni Kijani," nikasema, nikavua shati.

Mkekani kulipita mnong'ono. Neema, kutoka kwenye masufuria, alijifunika mdomo kwa kanga. Nilishuka shimoni, nikamwomba Bwana Sungi jembe.

"Si ulisema Nyekundu?" akauliza.

"Nilikosea, baba."

"Watu wa Kijani hatukosei," akasema, akanipa jembe kabla sijabadili mawazo.

Ardhi ya Mitundu ni ngumu ukipita mchanga wa juu. Mimi si mchimbaji. Malengelenge yalitoka, yakapasuka, vijana wa Nyekundu wakaanza kunizomea: "Msomi, jembe si kalamu." "Mwacheni, anatafuta nyongeza ya mshahara." Kila walipozomea wafiwa walicheka, na nikatambua kwamba hata kuchimba kwangu vibaya kulikuwa kunafanya kazi yake. Tulimaliza jua likiwa bado juu.

Jeneza lilipoletwa, Bwana Sungi akanishika mkono.

"Bado jambo moja. Mtani hatoki kaburini bure. Anakaa mle anadai kitu, wafiwa wanampa, ndipo anapisha. Huwa nadai kuku. Mwaka huu nimekula kuku mpaka basi. Leo dai wewe."

"Mimi siwezi, baba. Sijui kutania."

"Nani anajua? Dai unachokitaka."

Wakatoka wote wanne, wakaniacha peke yangu chini. Juu yangu niliona duara la nyuso: wafiwa, vijana, mchungaji akiwa na kitabu chake, na Mzee Ntandu aliyesimama kwa niaba ya familia, kwa kuwa ndiye mwenyekiti. Mnanijua. Mimi ni mtu ambaye huwa nasimama mlangoni kwa watu nikifikiria kama nibishe hodi mara mbili au tatu. Nilihisi sababu mia moja za kuomba kuku zikinipita kichwani. Nikakaa chini kwenye udongo baridi, nikakunja miguu.

"Sitoki," nikasema.

"Unataka nini, wewe wa Kijani?" Mzee Ntandu akauliza kama inavyotakiwa.

"Kuku sitaki. Mbuzi sitaki. Nilileta posa kwako, ukaniambia nije kujibu swali. Nimejibu. Sasa nami nimekaa hapa mpaka unipe Neema."

Nilisikia mabati ya nyumba za jirani yakialika kwa jua. Nikafikiri, hapa nimeharibu msiba wa watu, nimemharibia Neema, nimeiharibia hata Kijani ambayo nimejiunga nayo leo. Ndipo kikaja kicheko kimoja, chembamba, cha mtu ambaye hakuwa amecheka tangu nifike. Alikuwa mjane wa Mzee Yohana.

"Ntandu," akasema, "mpe huyu binti yako. Mume wangu anaungua na jua."

Watu wakalipuka kwa kicheko, hata mchungaji akageuka pembeni akitikisika mabega. Mzee Ntandu alipiga goti ukingoni, akaninyooshea mkono anivute. Sikuushika. Nilimwambia aseme kwanza, watu wote wasikie.

Akasema.